Siku Beri Alipowapeleka Askari kwa Ngagi

Jina lake la ubatizo lilikuwa Jean-Berchmans, lakini pale Lubarika hakuna aliyekuwa na subira ya kulitamka lote. Walimwita Beri. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga na mihogo wa bonde la Ruzizi, na angelima maisha yake yote kama baba yake lau miguu yake ingekubali kutulia. Haikukubali. Ujanani alipanda milima iliyo nyuma ya kijiji, akayapita mashamba ya maharage, akayapita malisho ya ng'ombe, akaingia kwenye msitu wa mianzi ambako joto la bondeni halifiki na mtu huvaa koti mchana. Huko Wabelgiji walikuwa wametenga mlima mzima kwa ajili ya wanyama, na watu wa bondeni walipaita Pariki, basi. Beri akaandikwa kazi ya ulinzi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuata ngagi, yule sokwe mkubwa wa mlimani ambaye wageni walitoka Bukavu na Usumbura kuja kumwona. Kila asubuhi Beri aliondoka na mwenzake Placide, mtu wa Kiringye, wakaenda mpaka mahali familia ya ngagi ilipolala. Walitazama vitanda vyao vya majani yaliyokunjwa, wakapima kwa kiganja kama mavi bado yana joto, wakafuata mabua ya mianzi yaliyomenywa mpaka wakasikia mtu anatafuna, na mtu mwenyewe si mtu. Hapo waliketi chini, wakainamisha macho, wakajifanya nao wanatafuna. Dume la familia ile lilikuwa na mgongo mweupe kama limemwagiwa majivu. Lilitembea nyuma ya wengine likiwakemea wavivu, kwa hiyo Placide akalipa jina la Kapita, yaani nyapara. Kapita aliwatisha kwa muda mrefu kabla hajawazoea. Alikuja mbio akivunja vichaka, akapiga kifua, akasimama mbele yao karibu kabisa, pumzi yake ikiwagonga usoni. Siri ilikuwa moja tu: usikimbie. Placide aliijua, Beri aliijua, na wageni waliambiwa mara nyingi kabla ya kuingia msituni.

Beri na Placide walipendana kama ndugu. Beri ndiye aliyesimama kando ya Placide kanisani alipomwoa Concilie, msichana mrefu mwenye ulimi mkali, na ndiye aliyebeba maji siku walipokandika nyumba yao ya udongo pale Kiringye.

Uhuru ulipokuja, mzungu mkubwa wa Pariki alipakia vitu vyake ndani ya jipu, akamkabidhi Placide funguo za ghala la bunduki, akashuka bila kugeuka. Wale wawili wakabaki. Wengine waliwacheka, wakisema wanalinda nyani wa Mbelgiji aliyekwisha kwenda zake. Placide alijibu kwamba ngagi hawakuja na Mbelgiji, na hawakuondoka naye.

Beri alikuwa na mdogo wake mmoja, Étienne, aliyezaliwa wakati mama yao Pétronille alidhani amekwisha kuzaa. Étienne alisoma kidogo kwa mapadri, akafukuzwa kwa sababu ya ugomvi, akarudi bondeni akiwa na maneno mengi na kazi haba. Alisema uhuru umeliwa na wakubwa, na hapo hakusema uongo. Mwaka wa sitini na nne uasi ulipowaka bondeni, Étienne alikuwa wa kwanza kwenda. Akachanjwa chale kifuani, akapakwa dawa, akamwagiwa maji yanayogeuza risasi kuwa matone, akafungwa kipande cha ngozi ya chui kichwani. Mama yao alipomwona amesimama uani na panga jipya mkononi, aliketi chini pale pale alipokuwa.

Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi. Bonde zima likawa lao. Makarani, walimu na kila aliyewahi kuvaa tai wakatafutwa nyumba kwa nyumba.

Wiki ile homa ilimwangusha Pétronille, na Beri akashuka Lubarika kumwuguza. Aliporudi Pariki alisikia nzi kabla hajakiona kibanda cha walinzi. Mlango wa ghala ulikuwa umevunjwa kwa shoka, bunduki zote zimekwenda. Placide alikuwa amelala kizingitini, amekatwa shingoni na mikononi, na vidole vyake kadhaa vilikuwa mbali naye, kama vya mtu aliyeinua mikono kujikinga. Funguo zilikuwa bado shingoni mwake. Beri alichimba kaburi peke yake chini ya mti mkubwa wenye ndevu za kuvu, kwa sepetu yenye mpini uliopasuka, akimwambia Placide maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka. Kisha akashuka mpaka Kiringye na zile funguo.

Concilie alikuwa anatwanga mihogo. Alizipokea funguo, akazitazama, akauliza, "Ni nani?"

"Ni waasi."

"Waasi iko na majina, Beri. Wamezaliwa hapa hapa. Ni nani?"

"Minye sijui," Beri akasema, na wakati ule ilikuwa kweli.

*

Jeshi la serikali liliporudi, halikuja kutenganisha mwenye kosa na asiye na kosa. Askari waliingia Lubarika wakichoma, na mwanamume yeyote aliyekuwa na alama ya chale kifuani alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Waasi walikimbilia milimani, kundi moja likajificha ndani ya Pariki. Sajini aliyeongoza kikosi, mtu mnene kutoka mbali asiyejua hata jina la mto uliokuwa mbele yake, akauliza nani anaujua msitu ule. Aliyeulizwa alikuwa amepiga magoti na mtutu sikioni. Akamwonyesha Beri kwa kidole.

"Weye ulikuwa unafuata wanyama," sajini akasema. "Sasa utafuata watu. Ni kazi moja."

Pétronille alimsindikiza mwanawe mpaka mwisho wa shamba. Hakulia. Aliushika mkono wa shati lake, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tumbo ni moja." Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaanguka kwenye mtaro.

Njia ya kupanda ilipita Kiringye. Concilie alikuwa kando ya barabara na nguo ya msiba, kana kwamba alijulishwa. Aliwaacha askari wote wapite, kisha akatembea sambamba na Beri.

"Beri, uwafikishe," akasema. "Unasikia? Uwafikishe mpaka kwao."

Beri akawafuata askari.

Walipanda mpaka mianzi ikawafunika. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, na ardhi ilisema kila kitu. Karibu na kijito Beri aliona nyayo za watu wenye njaa, wanaoburuta miguu na kuchimba mizizi njiani. Katikati ya nyayo hizo palikuwa na mguu wa kulia usio na kidole kidogo. Beri aliujua. Yeye ndiye aliyekiondoa kidole hicho kwa jembe, wakilima pamoja mdogo wake alipokuwa mtoto, na ndiye aliyembeba Étienne mgongoni mpaka kwa masista huku damu ikimtiririkia miguuni. Nyayo zilikwenda kushoto, kuelekea bonde jembamba ambalo moshi wake ulikuwa unajificha kwenye ukungu. Kulia palikuwa na mabua mapya yaliyomenywa. Familia ya Kapita ilikuwa imepita hapo alfajiri.

Sajini hakuona nyayo wala mabua. "Wapi?" akauliza.

Beri alimfikiria Placide na mikono yake iliyoinuliwa. Alimfikiria mama yake mtaroni. Kisha akaelekeza mkono kulia.

Alichotumaini ni kelele tu. Alijua Kapita atakuja mbio na kuunguruma, askari watatawanyika, waasi watasikia na kuondoka, na yeye atasema amepotea njia. Hakufikiri zaidi ya hapo. Mtu aliyebanwa pande mbili hafikiri mbali.

Waliwakuta katika uwazi mdogo, majike wakila, watoto wakining'inia kwenye mianzi. Askari wa mbele alipoona kitu cheusi kinasogea akapiga kelele, "Wako hapa!" Kapita akatoka. Alikuja kama alivyokuja siku zote, kwa mlio unaotikisa tumbo, na Beri akajitupa chini, akainamisha kichwa, akapaza sauti, "Msikimbie! Kaeni chini! Msi..."

Bunduki zikaitika zote pamoja. Majani yalikatika, maganda ya mianzi yakaruka, jike mmoja akaanguka na mtoto wake kifuani. Risasi zilimwingia Kapita begani na tumboni, na safari hii hakusimama. Alimfikia askari wa mbele, akamwinua, akamng'ata kati ya shingo na bega, akamtupa kama nguo iliyolowa. Wa pili alimpiga kwa mkono mmoja, na kila mtu akasikia mbavu zikivunjika. Kisha akaketi. Aliketi kabisa, kama mzee aliyechoka na safari, akashika tumbo lake lililokuwa linamwagika, akatazama mikono yake, akamtazama Beri. Sajini akasogea, akampiga risasi ya jicho.

Askari wa mbele alikuwa amekufa. Wa pili alikuwa anatoa mapovu mekundu, na kabla hawajamaliza kumtengenezea machela naye akakata roho.

Sajini hakuwa mjinga. Alizunguka uwazi ule, asione jivu wala chungu wala kipande cha nguo, akarudi kwa Beri.

"Ulijua," akasema.

Wakampiga mpaka akatapika. Walimwekea mkono wa kulia juu ya jiwe, sajini mwenyewe akaushukia kwa kitako cha bunduki, mara moja, na tena, na tena, mpaka mkono ukawa hauna umbo. Wakamfunga kwenye mti kwa mkanda wa bunduki. Askari mmoja akataka kummaliza.

"Muache," sajini akasema. "Atakufa na nyani wake."

Wakabeba maiti zao wakashuka.

*

Jua lilikuwa limepita utosini Beri aliposikia nyayo. Waasi walikuwa wamesubiri milio ya bunduki ikome, kisha njaa ikawaleta. Hawakuwa tena wale vijana waliocheza ngoma barabarani Uvira. Nguo zilikuwa zimeoza miilini mwao, midomo imepasuka, na mmoja alikuwa na kidonda mguuni kilichonuka kuliko maiti. Walimpita Beri bila kumtazama, wakamwendea Kapita, wakaanza kumkata. Wengine walikula mbichi.

Étienne alikuwa wa mwisho. Alipomwona mtu kwenye mti alisimama, kisha akaja mbio, akakata mkanda, akampokea kaka yake mikononi.

"Yaya," akasema, kama alivyomwita kaka yake tangu utotoni. "Yaya, ni nani alikufanya hivi?"

"Askari. Niliwaleta huku, wasije kwenu."

Komanda wao alisikia. Alikuwa jitu lenye macho mekundu na bunduki ya Placide begani. Beri aliitambua kwa waya uliofungwa kwenye kitako. Komanda aliacha nyama, akajifuta mdomo.

"Huyu ndiye alipandisha askari," akasema. "Sogea, Étienne."

"Ni yaya yangu, komanda. Ametuokoa."

"Aliyewaleta leo, atawaleta kesho. Sogea."

Étienne hakusogea. Komanda akainua bunduki, na kwa kuwa Étienne alikuwa amesimama katikati, akamlenga yeye. Labda alitaka kumtisha tu. Étienne hakungoja kujua. Panga lilipanda na kushuka, likamwingia komanda pale shingo inapokutana na bega. Bunduki ililia, risasi ikaenda kwenye matawi, na yule mtu akaanguka juu ya miguu ya Kapita, akipiga teke majani kwa kitambo kirefu. Étienne alimkata tena mpaka akatulia.

Wenzake walitazama. Mmoja akasema, "Haya." Kisha wakarudi kwenye nyama.

Étienne alimbeba Beri mgongoni. Walishuka kwa njia ya tembo, njia pana iliyokanyagwa miaka na miaka, Étienne akihema, Beri akizimia na kuzinduka. Karibu na kibanda cha walinzi waliupita mti wenye ndevu za kuvu, na Beri akaona kaburi tayari limeota majani.

"Étienne," akasema. "Placide aliuawa na nani?"

Étienne aliendelea kutembea.

"Nakuuliza."

"Ni minye mwenyewe, yaya."

Étienne alimpandisha vizuri mgongoni.

"Alikataa funguo. Komanda alisema, weye ni mtu wa hapa, anza weye, tuone kama uko wetu. Placide alinitambua. Aliniita kwa jina la mama. Alisema, Étienne wa Pétronille, weka panga chini. Kama hangeniita mbele yao..."

Beri alikuwa na mkono mmoja uliobaki. Akauzungusha kwenye shingo ya mdogo wake, akabana. Alibana kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kwa meno yaliyokazwa, huku machozi na makamasi yakimtoka. Étienne alipiga magoti. Panga lilikuwa kiunoni mwake na hakulishika. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayenyolewa, na koo lake likaanza kukoroma chini ya mkono wa Beri.

Beri akaachia.

Miaka yote iliyofuata hakuweza kueleza kwa nini. Si huruma, alisema, maana hakuisikia. Mkono uliachia. Walilala pale kwenye majani yaliyolowa, wote wawili wakitafuta pumzi.

Baadaye Étienne aliinuka, akambeba tena, akamfikisha kwenye mashamba ya maharage ambako wanawake waliokuwa wanapalilia walipiga yowe na kukimbia. Akamlaza kwenye tuta.

"Usirudi Lubarika," Beri akamwambia. "Nikikuona Lubarika nitakuua."

"Najua, yaya," Étienne akasema, akarudi msituni.

Hakuonekana tena. Wengine walisema alipigwa risasi akivuka Ruzizi usiku na maji yakamchukua. Nkeshimana, mwanamke aliyekuwa akivusha samaki wakavu kutoka ng'ambo, aliapa kwamba alimwona Bujumbura anashona viatu chini ya kibaraza. Pétronille alichagua maneno ya Nkeshimana, akaishi nayo mpaka alipozikwa.

*

Mkono wa Beri ulipona vibaya, umejikunja kama kucha ya ndege. Alipoweza kutembea alikwenda Kiringye, akaketi mbele ya Concilie, akamwambia yote, bila kupunguza. Njia ya kushoto na njia ya kulia. Nani alishika panga. Shingo.

Concilie alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa nayo mu mkono," akasema. "Shingo yake. Ukaachia."

"Niliachia."

Akasimama, akachukua chungu cha maji kilichokuwa jikoni, akamwagia Beri miguuni. Maji yalikuwa ya moto. Beri hakuhama. Concilie akaingia ndani akafunga mlango, na kwa miaka mingi alipokutana naye njiani au kanisani alipita kama anapita kisiki.

Pariki ilifunguliwa tena vita vilipotulia. Beri alipanda na mkono wake mmoja, akaanza upya. Ngagi waliosalia walikimbia wakisikia tu harufu ya mtu, au walishambulia kweli, bila mchezo wa zamani. Mara mbili aliburutwa, mara moja akang'olewa nyama ya paja. Vijana walioajiriwa pamoja naye waliacha kazi. Yeye aliendelea kuketi mbali, kila siku karibu kidogo, akitafuna majani, mpaka familia moja ikamvumilia. Iliongozwa na dume kijana lenye kovu begani, shimo la risasi ya siku ile. Wageni wakarudi, na kamera zao na viatu vyao vipya.

Kiangazi kimoja Beri aliwakuta wageni wanangoja langoni, na kando yao, amejifunga kitenge na kushika fimbo, alikuwa Concilie. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi.

"Mama Concilie," Beri akasema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wazungu wote unawapandisha, mbona minye hapana? Mume wangu iko huku."

Beri aliwaacha wageni kwa mlinzi mwingine, akampandisha yeye peke yake. Kaburini Concilie alipiga magoti, akang'oa magugu kwa mikono, akazungumza na Placide kwa Kifuliiru, na Beri akasogea mbali asisikie. Alipomaliza alijipangusa magoti.

"Sasa unionyeshe hao wanyama alikuwa ananiachia nyumba kwa ajili yao."

Waliwakuta mchana kwenye mianzi. Dume lenye kovu lilitoka likiunguruma, likaja mbio. Beri akamshika Concilie mkono na kumkalisha chini. Mnyama alisimama mbele yao, akatikisa kichaka, akawatazama mmoja mmoja. Concilie hakukimbia. Dume likageuka, likaketi, likaanza kumenya mwanzi. Jike akapita na kitoto mgongoni, kitoto kikamkodolea macho yule mwanamke.

Alikaa nao mpaka miguu ikamfa ganzi. Wakati wa kushuka alitangulia yeye, na mashambani, bila kugeuka, akauliza, "Étienne iko hai?"

"Sijui. Kweli sijui."

"Kama iko hai, asifike Kiringye."

"Hatafika."

Concilie akaitika kwa kichwa. Chini ya kilima alifungua kitambaa chake, akatoa mhogo wa kuchemsha, akaukata vipande viwili, akampa Beri kimoja. Walikula wamesimama.

Beri alifanya kazi ile mpaka magoti yakakataa mlima. Miaka yake ya mwisho aliishi Uvira, mtaa wa Rugenge, kwa binti yake Sabine, akisononeka na joto la ziwa. Alipokufa, Concilie alishuka kutoka Kiringye juu ya lori la mchele. Jirani mmoja alimwonyesha kiti cha wageni, yeye akakataa, akavua viatu, akaenda kuketi mkekani na wanawake wa ukoo.